Hatua Tatu Kutoka Kwenye Pampu

Jumatatu, 3 Juni

Mjukuu wangu amenipa daftari hili pamoja na amri. Niandike kila siku, mistari isipungue mitano, la sivyo herufi zitanitoroka. Sikwenda shule hata siku moja. Herufi nimezijua mwaka juzi, juu ya meza ya jikoni, nikifundishwa na mtoto niliyemfundisha kutembea. Ameapa hatasoma humu ndani. Ole wake.

Nimehesabu mistari. Imepita. Lakini nina mambo, naendelea.

Ninaosha vyombo vya kioo kwenye maabara ya kiwanda cha rangi za ukuta. Mwaka wa kumi na tisa huu. Wananiita Bibi Povu. Mjukuu wangu ndiye mkemia mpya wa maabara hiyohiyo, bado yumo kwenye miezi yake ya majaribio. Siku ya kwanza alinikalisha chini akaniomba kazini nisimwite mjukuu wangu, wala mwanangu, wala mke mwenzangu. Hasa mke mwenzangu. Nimwite Mkemia kama watu wengine. Nikakubali. Leo nimemwita Mkemia mara sita. Mara ya saba nimemfuta pua mbele ya watu.

Kazi yake ni maziwa. Si ya kunywa. Ni maji, sabuni, na vimiminika vitatu, kila kimoja kinanuka kwa ufedhuli wake. Anavipasha moto kwenye chupa kubwa ya kioo yenye shingo nne, na baada ya saa kadhaa anatoka na kitu cheupe pepepe. Hicho ndicho kinachoishikilia rangi ukutani. Kikiwa kibaya rangi inapasuka, na mteja anakuja na vipande vya ukuta wake kwenye mfuko.

Kipimo chake hata mimi nakijua. Unapaka maziwa juu ya kioo, yakauke, yabaki utando. Utando ukiwa angavu, mambo ni mazuri. Ukiwa na ukungu, hakuna kitu hapo. Mpaka leo maziwa ya maabara yetu ni ukungu mtupu, na mtoto ataanza kupika kwa mtindo wake kesho.

Na hapa ndipo roho yangu inapouma. Mama Mkurugenzi amesema ifikapo Jumatano ya wiki ijayo, utando usipokuwa angavu, mtoto anahamishiwa tawi la mbali. Siku mbili kwa basi. Nyumba yetu ina watu wawili. Ukitoa mmoja, hesabu hiyo hata asiyesoma anaiweza.

Nimeamua kumsaidia. Hajui. Ni afadhali asijue.

Jumanne, 4 Juni

Nina adui. Naye ni fundi mkuu wa maabara, Bwana Mara-Moja. Jina nimempa mimi, sasa hata walinzi wanalitumia. Miaka thelathini anapika maziwa kwa mtindo mmoja: anamimina vyote mara moja, anafunga, anawasha moto, anakwenda kunywa chai. Mjukuu wangu anasema mtindo huo ndio unaoleta ukungu. Yeye anaanza na maji na sabuni na kijiko cha vimiminika, halafu vinavyobaki anavilisha tone kwa tone kwa pampu ndogo. Saa nne nzima.

Bwana Mara-Moja amemuuliza anapika au amemtundikia mgonjwa dripu. Nikamkata jicho mpaka akakohoa. Tena burashi yangu ya shingo ndefu haionekani tangu Aprili, na mimi sina mtu mwingine ninayemfikiria.

Mtoto amejaribu kunieleza kwa nini tone kwa tone. Vimiminika vile vinashikana mikono na kuwa mnyororo mrefu, lakini kasi yao si moja. Cha kwanza kina pupa, kinawahi kushika nafasi. Cha pili ni kizito, kinangoja. Cha tatu ni kidogo tu, kama chumvi ya mboga. Nimewapa majina: Pupa, Mzito na Chumvi. Pupa anaupa utando ulaini, Mzito anaupa uti. Alikuwa na mengine ya kusema. Sikuyasikia vizuri. Nilikuwa natazama mifupa ya shingo yake. Huyu mtoto hali.

Pampu ina kidude cha kuzungusha chenye namba. Aliweka mbili. Namba zote nazijua sasa. Akasimama. Saa ya kwanza amesimama. Saa ya pili amesimama, miguu kama vijiti vya kiberiti, chakula nilichomfungia asubuhi kiko kwenye mkoba, hajakigusa. Anasema hawezi kuondoka mpaka matone yaishe.

Akaingia chumba cha mizani kupima sampuli. Nikaisogelea pampu. Inadondosha kama pua ya mwenye mafua. Tone. Nikangoja. Tone. Jamani! Nikazungusha mpaka nane. Ikaanza kutiririka, nikaona hata chupa yenyewe imefurahi. Niliposikia mlango nikairudisha mbili, asije akaingiwa na wasiwasi bure.

Matone yakaisha saa moja kabla ya wakati. Kipimajoto kilipanda kidogo, mtoto akahangaika na maji baridi, akatazama karatasi zake, akatazama chupa, akasema labda alikosea kipimo. Lakini alikaa. Alikula. Alimaliza.

Mpango wangu umefaulu.

Jumatano, 5 Juni

Utando una ukungu. Kama kioo cha dirisha la bafuni.

Mtoto hajalia. Angelia ningejua la kufanya. Amekaa kimya anahesabu, anafuta, anahesabu. Bwana Mara-Moja amepita nyuma yake akasema pole kwa sauti ya mtu asiyeona pole yoyote.

Halafu mtoto akakumbuka sampuli. Kumbe jana kila nusu saa alikuwa anachota maziwa kidogo na kuweka kwenye kichupa. Vichupa sita, kila kimoja na saa yake. Angevipima angejua Pupa na Mzito waliingia kiasi gani kwenye mnyororo, saa ngapi, na ni wapi mambo yalianza kwenda upande. Akaniuliza viko wapi.

Nikamwonyesha. Kwenye rafu, juu ya taulo safi, vimepangwa kwa urefu. Vilikuwa na uchafu mweupe unaong'ang'ania, nilivisugua jana mpaka kiwiko kikaniwaka. Vilikuwa vinameremeta.

Akakaa chini. Sakafuni kabisa, na koti lake jeupe. Akasema ahsante Bibi. Kazini, mbele ya watu, amesahau hata kuniita Bibi Povu. Nikajua mambo ni mazito.

Alhamisi, 6 Juni

Sikulala vizuri, nimefikiri sana. Mtoto hesabu zake ni safi. Pampu ni mpya. Vyombo nimeosha mimi, kwa hiyo haviwezi kuwa na kosa. Basi kuna mkono wa mtu.

Nani anataka tone kwa tone lishindwe? Nani amepika mara moja miaka thelathini? Nani ana burashi yangu?

Mtoto anapika tena kesho. Nimeweka mtego. Kiwandani poda ya rangi haikosekani. Nimechukua poda ya bluu kidogo, ile kali, ambayo ikikugusa unaongozana nayo wiki nzima, nikaipaka nyuma ya kidude cha pampu, mahali ambapo jicho halifiki ila kidole kinafika. Atakayekigusa atatembea na ushahidi.

Nimemwambia mtoto avae glavu zake nyeupe kesho, asivue. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ngozi. Akasema Bibi una jambo. Nikasema nina umri wa miaka sitini na tisa, mambo ninayo mengi, achague moja. Akacheka. Kicheko cha kwanza tangu Jumatatu. Ningepaka bluu kiwanda kizima kwa kicheko kile.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya kupika. Naandika nikiwa nimetulia, maana nina ushahidi na ushahidi umenichanganya.

Pampu iliwekwa mbili, saa tatu asubuhi. Bwana Mara-Moja alikaa kona ya mbali amekunja mikono. Akasema mashine ya matone yeye haigusi hata alipwe. Nikasema moyoni, tutaona.

Saa nne Mama Mkurugenzi akaja kukagua. Mwanamke mrefu, hacheki, viatu vyake unavisikia kabla hujamwona. Akauliza hiki kidude kinafanya kazi gani, akakishika. Akawaza. Akajishika shavu. Nikafunga macho. Akatoka na vidole vitatu vya bluu usoni na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia. Alikwenda kwenye mkutano hivyohivyo.

Saa tano mtoto akaanza kuyumba. Amesimama, anayumba! Macho mekundu, midomo mikavu. Nikamwambia aende akanawe uso. Akakataa. Nikamwambia namwamuru kama Bibi Povu, mkuu wa masinki yote. Akaenda.

Sasa mimi ningefanya nini? Zilibaki saa mbili nzima. Nikazungusha nane. Safari hii nikakaa nayo muda mrefu zaidi, huku jicho langu liko kwa Bwana Mara-Moja asije akasogea kuharibu. Lakini alikuwa anasinzia. Nikarudisha mbili.

Kipimajoto kikapanda. Mtoto akakimbia na maji baridi. Matone yakaisha mapema. Akasimama pale na karatasi yake kama mtu aliyefika kituoni akaambiwa basi liliondoka jana.

Jioni utando ulikuwa mweupe kama chokaa. Afadhali ule wa kwanza. Huu ulipokauka ulipasuka wenyewe, bila kuguswa na mtu.

Nikafanya ukaguzi wangu. Glavu za mtoto: bluu, ni haki yake. Shavu la Mama Mkurugenzi: bluu, lakini yeye hapiki. Bwana Mara-Moja: nilimwomba anionyeshe mikono kwa kisingizio cha kumtazamia ugumu wa ngozi. Myeupe. Hata chini ya kucha.

Mwingine mwenye bluu ni mimi, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nikajiondoa kwenye orodha. Mkono wangu najua ulikuwa unafanya nini.

Basi mtu huyu ni mjanja sana. Anavaa glavu halafu anazichoma.

Mama Mkurugenzi amemwita mtoto ofisini. Barua ya uhamisho imeshachapwa, itatiwa sahihi Jumatatu. Hatutangoja tena Jumatano.

Jumapili, 9 Juni

Jana sikuandika. Mtoto alishinda anakunja nguo zake. Alizikunja vizuri, moja juu ya nyingine, na mimi nikawa nazikunjua nyuma yake nikidai hazijakauka.

Leo asubuhi tulikaa uani na kuku wangu watatu. Nilikuwa na ndoo ya chakula chao, mahindi yaliyoparazwa nimechanganya na pumba. Nikamwaga yote kwa pamoja, sikuwa na moyo wa kucheza nao. Wakavamia. Mahindi yakaisha upesi, kisha wakabaki wanadonoa pumba kwa uso wa kununa.

Mtoto akasema, Bibi, hao ndio minyororo yangu.

Nikamwuliza vipi. Akasema ukimwaga ndoo nzima kila kuku anachagua. Asubuhi matumbo yote yamejaa mahindi, mchana yote yamejaa pumba. Maziwa yake ni vivyo hivyo. Pupa akiwa mwingi mnyororo unamchukua yeye kwanza, mpaka aishe, na Mzito anabaki kujazwa mwisho. Unapata minyororo laini iliyotangulia na minyororo migumu iliyofuata, haipatani, na utando unakuwa na ukungu. Akakwangua konzi iliyosalia chini ya ndoo, akaangusha chembe mbili tatu. Zikaliwa zote, mahindi na pumba, kabla hazijatulia chini. Akaangusha nyingine. Zikaliwa. Akasema siri yote ni hiyo. Uwape kidogo hivi kwamba hawana nafasi ya kuchagua. Kinachoingia ndicho kinacholiwa, na kila mnyororo unakuwa sawa tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nikaiweka ndoo chini.

Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, na je, mtu akifungulia katikati. Tuseme kwa muda mfupi. Tuseme kwa nia njema.

Akasema ni sawa na kumwaga ndoo. Wanaanza kuchagua. Moto unapanda. Ukungu. Ndicho kitu asichokielewa, maana pampu yake aliiweka mbili, aliikagua mara kumi, haikubadilika.

Nikatazama mkono wangu. Nimeusugua na majivu, na limau, na jiwe la kisigino. Bado ni wa bluu. Nikauficha chini ya paja.

Yeye akarudi ndani kukunja nguo. Kuku wakanitazama. Nimeishi na kuku miaka yote, nimewalisha kwa mkono huuhuu, na kitu hiki sikukiona. Mtu wa kuharibu nilimtafuta kiwanda kizima. Kumbe alikuwa anavaa aproni yangu.

Jumatatu, 10 Juni

Nilivaa viatu vya msibani. Vinanibana lakini vina adabu.

Nilifika kwa Mama Mkurugenzi kabla ya karani wake. Barua ilikuwa mezani, kalamu iko juu yake. Nikamwambia asitie sahihi. Akaniuliza mimi ni nani wa kumwambia hivyo. Nikauweka mkono wangu juu ya barua, ule wa bluu.

Aliutazama. Kisha taratibu akajishika shavu. Ijumaa ilimrudia, niliiona inamrudia.

Nikasema yote. Mbili, nane, mbili. Jumanne na Ijumaa. Vile vichupa pia. Nikasema mtoto hajui lolote, hesabu zake ni safi, na kama kuna mtu wa kupandishwa basi la siku mbili ni mimi. Akaniuliza nilikuwa nataka nini hasa. Nikamjibu hajala. Hakuelewa. Nikarudia, hajala, alikuwa amesimama tangu asubuhi na chakula kiko kwenye mkoba.

Mama Mkurugenzi aliiweka kalamu pembeni. Akaniuliza nilijuaje kusoma namba za pampu wakati fomu yangu imewekwa dole gumba. Nikasema nimefundishwa na mjukuu wangu. Yule Mkemia. Nikajiziba mdomo. Akasema nisijisumbue, kiwanda kizima kinajua, mmefanana paji la uso kama sahani mbili za seti moja.

Hukumu yake ni hii. Mtoto atapika mara moja tena, kesho. Mimi nisisogee karibu na pampu, hatua tatu, na mstari utachorwa. Bwana Mara-Moja atanilinda. Na kuanzia Jumatano ninaondoka maabara, nakwenda kuosha kwenye ukumbi wa tangi kubwa, maana ndugu wawili kwenye chumba kimoja ni hatari kuliko moto. Nikasema nimekubali. Angesema nioshe paa ningekubali.

Kumwambia mtoto ilikuwa kazi nyingine. Nilimwambia njiani kurudi nyumbani. Alitembea mbele yangu, mtoto ambaye maisha yake yote anatembea ubavuni. Tulipofika alisimama jikoni akasema wiki nzima amejiona mjinga. Amerudia hesabu mpaka akashuku digrii yake. Kumbe mjinga ni… Akaishia hapo, kwa heshima. Nikamalizia mwenyewe, kwa sauti, nisimwachie mzigo.

Hakucheka. Alikwenda chumbani. Nikaketi na sufuria ya chakula cha watu wawili. Sikumfuata. Kila baada ya muda nilisogeza sahani yake mlangoni, kidogo kidogo, nikaiacha. Baadaye nilikuta tupu.

Jumanne, 11 Juni

Mstari umechorwa kwa rangi ya njano, masalio ya rangi aliyoikataa mteja. Mimi upande huu, pampu upande ule. Bwana Mara-Moja kwenye kiti katikati, anashika kamba ya aproni yangu kama mtu aliyepeleka mbuzi malishoni.

Mtoto akaweka mbili. Akanitazama. Nikatazama dari.

Saa nne ni nyingi. Nilikuwa sijawahi kuzikaa zote mahali pamoja. Nikasikia kila tone. Kipimajoto hakikusogea, kilitulia kama mzee aliyeshiba. Nilimwomba mtoto ale, akaniambia nikinyamaza atakula. Nikanyamaza. Akala amesimama, jicho kwenye chupa, kijiko kimoja, kisha anaandika, kijiko kingine. Sikujua kwamba inawezekana kula hivyo.

Bwana Mara-Moja alinivuta kamba mara mbili. Mara ya kwanza ni haki yake. Mara ya pili sikuwa naenda kwenye pampu, nilikuwa naelekea upande huo tu.

Tulipochoka kununiana tukaongea. Akakiri kwamba katika miaka thelathini maziwa yake yote yalikuwa na ukungu, wakawa wanayaficha kwa kuzidisha chokaa kwenye rangi. Akasema hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini. Nikamweleza habari za kuku. Akasema na yeye alikuwa na kuku zamani. Kisha akanyanyuka, akafungua kabati lake, akanirudishia burashi yangu. Alikuwa anaoshea chupa yake ya chai. Burashi iliyosugua gundi za kiwanda miaka yote hiyo! Sasa najua sura ile aliitoa wapi.

Matone yakaisha kwa saa yake, dakika haikuzidi wala kupungua. Mtoto akachota, akapaka juu ya kioo, akayaacha yakauke. Mama Mkurugenzi mwenyewe alikuja, tukasikia viatu, tukatengeneza nafasi.

Kioo kilipokauka mtoto alikishikilia juu ya kibandiko cha ukutani akaniita. Akasema soma, Bibi.

Nikasogeza uso. Utando ulikuwepo, niliuona ukingo wake, lakini katikati haukuwepo. Kulikuwa na herufi tu, nyeusi, wazi, kama zimeoshwa. Nikasoma herufi moja moja, watu wote wamesimama, hakuna aliyenisaidia. HATARI. USIGUSE. Sikukwama hata mahali pamoja.

Mama Mkurugenzi akaichana barua vipande vinne, akamkabidhi Bwana Mara-Moja akatupe. Mtoto akaniinamia shingoni, na koti lake la kazi, mbele ya wote. Akaniita mke mwenzangu. Kazini!

Nimelia kidogo. Nimemwambia ni mvuke wa yule Mzito.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya pili kwenye ukumbi wa tangi kubwa. Sinki ni zuri, maji yana nguvu. Burashi ninayo.

Nguo za mtoto zimerudi kabatini, nimezikunja mimi. Majaribio yameisha, sasa ni Mkemia wa kweli. Na kwa kuwa maziwa yake yamekubaliwa, Jumatatu yatapikwa humu, kwenye tangi lenyewe. Nilifurahi mpaka nikamwaga ndoo.

Nimeahidi mambo mawili. Sitagusa pampu. Sitaosha sampuli kabla ya kuuliza. Nimeapa kwa mkono ulioinuliwa, ule wa bluu, na nimeshika ahadi. Nimejifunza. Kinachoingia kidogo kidogo ndicho kinachoingia sawa. Ningeweza kumfundisha mtu.

Leo nimemwuliza msimamizi wa tangi, kwa kuuliza tu, kulisha kutachukua muda gani kwa ukubwa huu. Akasema saa nane. Nikamwuliza kiti kiko wapi. Akasema Mkemia atakuwa amesimama kule juu kwenye jukwaa la chuma, hakuna kiti, kanuni hairuhusu.

Saa nane! Miguu ile!

Humu hakuna pampu ndogo. Kuna koki kubwa ya kulishia tangi, yenye gurudumu jekundu, iko chini, karibu na sinki langu. Nimelitazama leo wakati watu wako kwenye chai. Lina vumbi. Linaonekana gumu kwa mkono wa mtoto. Nimelipangusa, nikalitia mafuta kidogo, sasa linazunguka vizuri kwa kidole kimoja.

Nimehesabu kutoka kwenye ndoo yangu mpaka hapo. Hatua nne. Mimi niliahidi tatu, na niliahidi pampu.